Ukucha Mmoja wa Mkono wa Kushoto

Kwa miaka yote aliyofundisha, mama yangu alikagua kucha kila Jumatatu asubuhi. Watoto walisimama kwa mistari kwenye uwanja wa shule, wakitoa mvuke mdomoni kwa baridi ya Eldoret, na yeye akapita mbele yao na rula ya mbao. Kila mtoto alinyoosha mikono, viganja chini. Wajanja walinyoosha mmoja tu, ule waliousugua vizuri, na mwingine wakauficha nyuma ya sweta. Mama hakuwahi kudanganyika. Alisimama mbele ya mjanja, akautazama ule mkono safi bila haraka, kisha akauliza, "Na huo mwingine?"

Nilisoma katika shule hiyo hiyo, kwa hiyo nilikaguliwa mara mbili: Jumatatu uwanjani pamoja na wenzangu, na Ijumaa nyumbani peke yangu. Kanisa letu lilisali Jumamosi, na Sabato iliingia Ijumaa jua lilipozama. Kabla ya hapo kila kitu kilitakiwa kiwe kimekwisha. Nguo zimepigwa pasi, viatu vimepakwa rangi, chakula kimepikwa, na mwili hauna pambo lolote. Hereni hapana, bangili hapana, na rangi ya kucha usithubutu hata kuuliza. Mama mwenyewe aliolewa bila pete, akajivunia jambo hilo baba akiwa hai na hata baada ya kumzika.

Nilikuwa kidato cha kwanza nilipopaka kucha mara ya kwanza, rangi nyekundu ya kuazima kwa rafiki. Mama aliiona Ijumaa alasiri nikiwa naanika soksi, yeye akiwa upande wa pili wa ua. Hakupiga kelele. Aliniketisha kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, akauweka mkono wangu juu ya paja lake, akatoa wembe kwenye karatasi yake na kuanza kukwangua. Alikwangua ukucha mmoja baada ya mwingine, polepole, bila kunikata hata mara moja. "Jua linaenda," aliniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa. Alipomaliza mkono wa kulia hakunitazama usoni. Aliuliza tu, "Na huo mwingine?"

Ningependa kusema niliacha. Sikuacha, nilijifunza kufuta.

Ninafuma sweta za shule kwa mashine. Ndiyo kazi yangu, na mji huu wenye baridi haujawahi kuninyima wateja. Lakini sweta za shule ni buluu, kijivu na kijani kibichi, kisha buluu tena, na rangi yenyewe imechaguliwa na mwalimu mkuu ambaye hujawahi kumwona. Kwa hiyo kila Jumapili alasiri, katika nyumba niliyokuwa nimepanga Langas, nilitandaza taulo mezani nikajipamba kucha. Tisa nilizipaka rangi moja ya kimya. Ule wa kumi, wa kidole cha pete, niliupa kila kitu: vitone nilivyoviweka kwa kichwa cha pini, mistari niliyoinyoosha kwa selotepu, pengine ua dogo la kijiti cha meno, na juu yake ile rangi ya maji ya kung'arisha. Huo mmoja ndio watu wa urembo wanaouita ukucha wa pambo. Mimi niliuita wangu, kwa sababu ndiyo sehemu pekee ya wiki yangu ambayo hakuna aliyeniagizia rangi.

Na kila nilipokwenda kumtembelea Mama nyumbani kwake Kapsoya, niliufuta. Mwanamke wa miaka arobaini na moja, nasimama nyuma ya ua wa michongoma na pamba yenye asetoni mkononi, najisugua vidole kabla ya kugonga geti. Nilinuka asetoni kila nilipompa mkono kumsalimia. Nafikiri alijua. Hakuwahi kusema kitu, nami nikaona tumeelewana.

Kiharusi kilimpata mwezi wa tatu, akichambua maharagwe jikoni. Nilihama Langas wiki hiyo hiyo, nikaleta mashine yangu, nikaiweka chumbani kwake karibu na dirisha. Upande wake wa kushoto ulikuwa umelegea, mguu na mkono. Hilo nilikuwa nimejiandaa kwalo, maana nimewaona wazee wengi wa kiharusi. Mdomo wake ulikuwa mzima, akili yake ya kukumbuka na kukaripia ilikuwa nzima. Jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameniambia ni kwamba kushoto kwenyewe kungepotea.

Sijui niseme vipi ieleweke. Macho yake hayakuwa na kasoro, daktari aliyapima. Ila kitu chochote kilichokaa kushoto kwake hakikuwepo. Nikimpa ugali na sukuma wiki, alikula nusu ya kulia ya sahani, mstari umenyooka katikati, kisha akalalamika kwamba nimemnyima mboga. Nikizungusha sahani, mboga zikamjia kulia, akashangaa zimetoka wapi. Nikisimama kushoto kwa kitanda kumwita, alinitafuta dirishani upande wa kulia, mpaka nizunguke. Alivaa blauzi kwa mkono mmoja na kuniambia yuko tayari. Na ule mkono wa kushoto ulilala kando yake mchana kutwa, ngumi imejifunga, na yeye hakuwa na habari nao.

Nilicheka siku chache za kwanza, naungama. Kisha ikaja siku ya chupa ya maji moto.

Ilikuwa asubuhi ya baridi, nami nikamwekea chupa kitandani ili apate joto, nikaifunika kwa blanketi, nikarudi kwenye sweta zangu. Alisikiliza redio, tukapiga hadithi za watu wa kanisa, akaniuliza kama nimelipa watu wa taka. Saa nzima. Nilipofunua blanketi, kifundo cha mkono wake wa kushoto kilikuwa juu ya ile chupa, kifuniko chake cha kitambaa kimechomoka, na ngozi imeinuka malengelenge. Alikuwa ameungua huku akinicheka. Nilipiga kelele mpaka akaniuliza kama nimeona nyoka. Nilimwonyesha, nikauinua mkono mpaka mbele ya pua yake, na yeye akautazama kidogo, akageuka, akauliza chai iko wapi.

Chupa hiyo niliiweka mimi. Sikumwekea nyingine tena.

Kila Jumatano alikuja msichana wa mazoezi, fizio kama anavyojiita mwenyewe, kwa bodaboda, na viatu vya raba vyeupe ambavyo sijui alivilindaje na matope ya Kapsoya. Alimwita Mama "Mwalimu", na kwa hilo Mama alimpenda. Jumatano iliyofuata alilitazama lile jeraha, akafunga bendeji upya, akakaa kitandani.

"Mwalimu, hebu nionyeshe mkono wako."

Mama akauinua wa kulia.

"Vizuri. Na ule mwingine?"

Niligeuka kusikia maneno hayo kwa mdomo wa mtu mwingine. Mama alimtazama yule msichana kwa huruma.

"Mwingine gani?" aliuliza.

Tulipotoka nje, fizio aliniambia bila kuzunguka. "Sister, huo mkono lazima autafute mwenyewe. Hii miezi ya kwanza ndiyo ya maana. Akizoea kuishi bila huo mkono, kuurudisha itakuwa ngumu sana, na ataumia tena, na hatajua. Weka kitu hapo hawezi kukosa kuona. Kitu cha rangi kali, kitu inang'aa."

Nilifunga uzi mwekundu wa sweta kwenye kifundo, zamu tano, fundo kubwa. Hakuuona. Nilifunga utepe wa njano. Nilifunga kengele ndogo, na mkono ulipotikiswa Mama aliinua kichwa akauliza ni mbuzi wa nani ameingia nyumbani. Nilikaa chini sakafuni siku hiyo nikalia kwa hasira, kwa sababu niliona wazi kwamba mama yangu anaondoka nusu nusu na mimi niko hapo na vipande vya uzi.

Wazo lilinijia nikifuma kola. Nilijiuliza ni kitu gani katika dunia hii mama yangu hajawahi kukosa kukiona. Jibu lilikuja hata kabla sijamaliza kujiuliza, na nikasimamisha mashine.

Nilisubiri alale alasiri. Chupa zangu zilikuwa bado ndani ya begi tangu nihame, maana sikuwa nimejipaka hata siku moja tangu nianze kumwogesha na kumlisha. Nilikaa kushoto kwake, upande ambao hata angeamka asingeniona. Fizio alikuwa amenifundisha kuifungua ile ngumi: unakunja kifundo kwanza, kwa upole, na vidole vyenyewe vinaachia. Vikaachia. Nikauweka mkono wake juu ya paja langu, juu ya taulo.

Sikuwahi kuushika mkono wa Mama kwa muda mrefu hivyo. Siku zote yeye ndiye aliyeshika wangu. Kucha zake zilikuwa fupi, za mviringo, safi, na ule wa kidole gumba ulikuwa na mfereji wa zamani wa mlango uliombana. Nilichagua kidole cha pete, ambacho hakijawahi kuvaa pete. Nikapaka nyekundu mara mbili. Ilipokauka nikaweka vitone vyeupe vitano kwa kichwa cha pini, kimoja katikati na vinne kando, kwa uangalifu ambao sijawahi kuutumia kwenye kucha zangu. Nilijiona mwizi, tena mwizi wa kanisani, na wakati huo huo nilijipongeza kwa akili yangu.

Aliamka. Nikamngoja. Alikunywa chai, akala nusu ya mkate, akasikiliza taarifa ya habari. Hakuona.

Wiki iliyofuata niliifuta nikapaka njano yenye mistari myeusi. Hakuona. Nilimwambia fizio, akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akasema niendelee. Mama mmoja jirani mwenye duka alipokuja kumjulia hali, aliutazama ule ukucha, akanitazama mimi, akaanza kuzungumzia bei ya mahindi kwa haraka sana. Mchana huo nilitamani kumwambia kila kitu, lakini ningeanzia wapi.

Wiki ya tatu nilitia dhahabu yenye chengachenga za kumetameta. Hata mimi niliona nimezidisha.

Ilikuwa Jumatatu, kama saa kumi, mvua inapiga mabati. Mama alikuwa anaimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini nami nafuma. Akanyamaza katikati ya ubeti.

"Nani huyu?"

Niligeuka. Kichwa chake kilikuwa kimeelekea kushoto. Si sana, lakini kushoto. Macho yake yalikuwa chini, pale kwenye blanketi ambapo ule mkono ulilala na dhahabu yake. Niliruka kutoka kwenye kiti. Ningeweza kucheza.

"Umeuona, Mama! Umeuona!"

"Namwona. Ni nani?"

"Ni nani vipi?"

"Huyu mwanamke." Sauti yake ilikuwa imeshuka, ile sauti aliyoitumia kwa wazazi waliokuja shuleni wamelewa. "Ameingia saa ngapi kitandani kwangu? Tangu baba yako afe mimi nalala peke yangu. Mwambie atoe mkono wake hapa."

"Mama, huo ni mkono wako."

"Wangu? Na kutex?"

Nilichukua mkono wake wa kulia nikautembeza kutoka bega la kushoto, nikashuka naye taratibu, hapa ni bega, Mama, hapa ni kiwiko, unaona, ni mkono mmoja tu umeshuka. Alifuata kwa subira mpaka tulipofika kwenye bendeji. Hapo alisimama.

"Hapa ndipo walipobadilisha," alisema.

"Hakuna aliyebadilisha."

"Wewe mtoto, nimekagua kucha kabla hujazaliwa. Mimi sijui zangu? Mimi napaka rangi? Uliniona lini?"

Sikuwahi kumwona. Hakuna aliyewahi kumwona. Hoja yake ilikuwa imenyooka kabisa, na ni mimi niliyempa. Nilitafuta kitu ambacho mama yangu asingekosa kukiona, nikakipata, na kilikuwa kitu kile kile kilichomthibitishia kwamba mkono si wake. Mtu mwingine yeyote mjini hapa angepaka mkono wa mama yake rangi na mama angeona mkono wake umepakwa rangi. Wangu aliona mwenye dhambi amelala kitandani.

Siku mbili zilizofuata zilikuwa mbaya. Aliusukuma ule mkono nje ya kitanda kwa mkono wake mzima, kwa nguvu, na ukaning'inia mpaka bega likavimba. Niliurudisha, akausukuma. Alimwambia yule mwanamke aende kwao. Alikataa kula mbele yake. Jumatano fizio aliligusa bega, akakunja uso. "Hii itachomoka. Toa hiyo rangi leo leo."

Nilifuta mbele yake. Mama alinusa asetoni, akatulia. Kisha akanong'ona, "Ameenda?"

"Ameenda, Mama."

"Asante Mungu," alisema, na mkono ukapotea tena pamoja na yule mwanamke. Alasiri hiyo aliulalia saa nzima bila kujua, nami nikauvuta kutoka chini yake, umekufa ganzi na umeiva wekundu. Nikipaka, anaufukuza. Nisipopaka, haupo. Nilikaa na jambo hilo wiki tatu nzima na sikupata mlango wa kutokea. Nilifuma sweta nyingi sana.

Fizio ndiye aliyesema turudie. "Angalau ile siku shingo iligeuka," aliniambia. "Hata kama ni kwa hasira. Mimi nachukua hasira." Nilikataa. Kisha Alhamisi moja nikapaka, si kwa imani, kwa uchovu tu. Sikuweka vitone wala mistari. Nilichukua chupa ya kwanza iliyokuja mkononi, nyekundu tupu, ukucha mmoja, mkono wa kushoto, nikaenda kupika.

Ijumaa, jua likiwa limeanza kulala upande wa mjini, nilikuwa nakunja nguo zake za kanisa, kulia kwa kitanda. Bado nilikuwa nazipiga pasi kila Ijumaa ingawa kanisani hakwenda. Nikasikia akivuta pumzi.

"Hii ni nini?"

Nilijua kinachofuata. Niliziacha nguo, tayari kulizuia bega.

"Wewe," alisema. "Kesho ni Sabato na unakaa hivi?"

Niliangalia kucha zangu haraka, kwa woga wa kidato cha kwanza. Zilikuwa tupu. Nilipoinua macho nikaona kwamba hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa ameinama kushoto, shingo imegeuka kuliko nilivyowahi kuiona ikigeuka tangu mwezi wa tatu, na alikuwa anauambia ule mkono.

"Nimekwambia mara ngapi? Lete wembe."

Wembe singempa. Nilizungusha pamba kwenye njiti ya kibiriti, nikaichovya kwenye asetoni, nikaiweka kwenye mkono wake wa kulia. Aliitazama kwa dharau. Kisha ule mkono wa kulia ukavuka kifua chake, ukaenda kushoto, kule ambako kwa miezi hakukuwa na kitu, ukaukamata ule mwingine kwa kifundo, ukauvuta na kuuweka juu ya paja. Akaanza kusugua.

"Kimoja tu?" aliuliza akiendelea. "Siku hizi mnapaka kimoja?"

"Ndiyo mtindo, Mama," nilisema.

"Mtindo," akasema, na akasugua mpaka rangi ikaisha.

Tangu siku hiyo ndivyo tunavyoishi. Alhamisi napaka akiwa amelala. Ijumaa anaukuta, anakaripia, anasafisha. Fizio amefurahi kupita kiasi. Ameandika kwenye fomu yake kwamba mgonjwa anageuza shingo, anavuka katikati, anaushika mkono mwenyewe, na ameongeza alama. Ni kweli, hata mboga za kushoto ameanza kuziona siku moja moja. Nilimuuliza kama Mama atajua siku moja kwamba mkono ni wake. Alifunga begi lake kwanza. "Tuombe," alisema. Kwa Mama, mkono huo ni wangu. Anaushika vizuri, hausukumi nje, hauungui tena, kwa sababu anaamini ni wa mtoto wake. Nimefikiria kumwambia. Nimefikiria kila Ijumaa. Kila nikifungua mdomo naliona lile bega.

Ijumaa iliyopita alimaliza kusafisha lakini hakuuachia. Aliugeuza ule mkono, akaugusa kwa nyuma ya vidole vyake, akaupeleka shavuni.

"Mbona mkono wako ni baridi hivi, mwanangu?"

Nilikuwa nimesimama kulia kwake, hatua moja tu. Alikuwa anauliza kushoto.

"Unaumwa? Mbona hunijibu?"

Nilizunguka kitanda. Nilipiga magoti kushoto, nikauweka uso wangu karibu kabisa na ule mkono, mahali ambapo macho yake yalikuwa yanatazama. Aliyainua kidogo, akaniona. Akatulia, kama mtu aliyethibitisha.

"Nilikuwa nafua, Mama," nilimwambia. "Maji yalikuwa baridi."

"Hujui kupasha maji?" Aliusugua ule mkono kwa kiganja chake, juu na chini, akapitia kovu la chupa bila kulijali, akaupulizia pumzi. Nje mtu alikuwa anapita na redio. Nilibaki nimepiga magoti. Nilimwangalia mama yangu akiupasha joto mkono wake mwenyewe kwa ajili yangu.

Kisha akainua uso, akawa mwalimu.

"Na huo mwingine?"

Sikuwa na mwingine wa kumpa ila wangu. Niliunyoosha, kiganja chini, nikauweka kando ya wake juu ya paja. Hakuwa na haraka. Aliikagua yote miwili, ukucha kwa ukucha, vidole kumi, akirudi huku na kule.

"Huu uko sawa, una joto," alisema, akiugusa wangu. "Ni huu mwingine. Uuangalie."

Nikamwambia nitauangalia.